Mlima Meru tunaouona mjini ni mgongo

Mkazi wa Arusha mjini anaujua Mlima Meru kwa upande mmoja tu. Ukiutazama kutoka Sakina, Kaloleni au pale Mnara wa Saa, mlima umekaa mzima: kilele kimoja, mabega mawili, msitu mweusi kiunoni na wingu kichwani jua likishapanda. Watoto wanauchora hivyo hivyo shuleni. Upande huo ni mgongo. Uso wa Meru umeelekea mashariki, kule iliko Kilimanjaro, na uso wenyewe ulishaanguka zamani. Panda gari la Moshi, na ukishapita Usa River geuza shingo kushoto. Mlima ule ule uliouacha nyuma ukiwa mzima sasa una pengo kubwa, na ndani ya pengo kuna kilima cha majivu ambacho mjini hakionekani kabisa.

Ndugu na marafiki wanaokwenda Hifadhi ya Taifa Arusha kwa mara ya kwanza hurudi na maswali yale yale. Kwa nini maziwa ya Momella yamekaa jirani namna ile lakini rangi zake hazifanani? Kwa nini huwezi kuupanda Meru kuanzia Ilboru, ambako unaonekana uko mlangoni, mpaka uzunguke hadi Momella? Kwa nini uongozane na askari mwenye bunduki, wakati Kilimanjaro, ambayo ni kubwa zaidi, watu wanapanda bila bunduki? Na kwa nini maji ya Ngarenanyuki yanaharibu meno? Yanasikika kama maswali yasiyohusiana. Ukiyafuatilia moja moja, karibu yote yanakurudisha kwenye ule ubavu ulioanguka.

Mlima ulivyomeguka

Meru ni volkano iliyojengwa kwa tabaka: lava, majivu, mawe, kisha lava tena, kwa miaka mingi sana. Mlima wa aina hii hupanda juu kwa kasi kuliko unavyopata uimara. Ndani yake, mvuke na maji ya moto hupenya kwenye mawe na kuyalainisha kidogo kidogo mpaka mengine yanakaribia kuwa udongo wa mfinyanzi. Nje mlima unaonekana imara, ndani umeshaoza. Siku ikifika, iwe kwa tetemeko, kwa msukumo wa uji wa moto unaopanda kutoka chini au kwa uzito wake wenyewe, ubavu mmoja unateleza wote kwa pamoja.

Wanajiolojia walilielewa jambo hili vizuri zaidi baada ya tarehe 18 Mei 1980, volkano ya Mount St. Helens huko Marekani ilipomegeka ubavu wa kaskazini na mlima ukapungua kimo kwa takriban mita 400 asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya hapo, mtu akiona shimo lenye umbo la kwato, lililofunguka upande mmoja kama la Meru, alikuwa mwepesi wa kusema ulitokea mlipuko uliorusha kila kitu angani. Baada ya 1980 wataalamu walianza kuuliza swali jingine: kifusi kiko wapi?

Kifusi cha Meru kipo, tena tunalima juu yake. Kilikimbia kuelekea mashariki na kaskazini mashariki, kikatanda kwenye nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro. Hakikutanda sawasawa. Mapande makubwa ya mlima yalisafiri yakiwa mazima, yakatua hapa na pale, na mvua za miaka zikayaviringisha. Ndiyo maana Momella, Leguruki na Ngarenanyuki kuna vilima vidogo vingi visivyo na mpangilio wowote. Mgeni hudhani kila kilima ni volkano ndogo, kumbe vingi ni vipande vya Meru yenyewe. Wataalamu wanakadiria kuwa tukio hilo kubwa halijafikisha miaka 10,000, na kwa umri wa volkano hiyo ni juzi tu.

Kilichobaki ni chungu kilichovunjika ubavu. Ukuta wa ndani, chini tu ya kilele, unashuka takriban mita 1,500, na ni mojawapo ya kuta ndefu za mwamba barani Afrika. Baada ya kuanguka, volkano ilianza kujijenga upya humo ndani, ndipo kikaota kile kilima cha majivu kinachoitwa Ash Cone, chenye kimo cha mita 3,667. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa 1910, na hayakuwa mengi. Kwa hiyo anayesema Meru imekufa amekosea, imelala tu. Kilele chenyewe, Socialist Peak, kwa vipimo vya karibuni kina mita 4,562, ingawa ramani na vibao vingi bado vinaandika 4,566. Kwa Tanzania ni mlima wa pili baada ya Kilimanjaro.

Maziwa yasiyo na mlango wa kutokea

Kifusi kikitua ovyo kinaacha mashimo katikati ya vilima. Mashimo hayo yakijaa maji yanakuwa maziwa, na maziwa hayo ndiyo Momella: Momella Kubwa na Ndogo, Rishateni, Kusare, Lekandiro, Tulusia na El Kekhotoito. Mengi yanalishwa na maji ya chini ya ardhi. Jambo la kukumbuka ni kwamba ziwa lisilo na mto wa kutoa maji lina njia moja tu ya kuyapoteza, nayo ni jua. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Miamba ya Meru ina sodiamu nyingi, kwa hiyo kinachobaki ni magadi.

Lakini maziwa hayako sawa. Shimo moja linapata chemchemi yenye nguvu, jingine linapata kidogo, moja ni la kina kirefu na jingine ni sahani tu. Kila ziwa likajipatia kiwango chake cha magadi, na kwa kiwango hicho aina zake za mwani. Mwani ndio unaotoa rangi. Kwa hiyo ukisimama kwenye kilima kimoja unaweza kuona ziwa la kijani kibichi, na hatua chache mbele jingine la buluu iliyofifia. Flamingo, au heroe kama wengine tunavyowaita, hawaendi kwenye ziwa kwa uzuri wake. Wanafuata chakula. Ziwa lililokuwa waridi mwezi uliopita unaweza kulikuta tupu, na walioko geti la Momella watakuambia wamehamia ziwa la jirani au wameondoka kabisa. Wengi wa flamingo wadogo wa Afrika Mashariki huzalia Ziwa Natron, kaskazini ya hapa, na huzunguka maziwa ya magadi ya ukanda huu kwa kadiri mwani unavyopatikana. Anayekuahidi flamingo kwa tarehe maalumu anakuuzia maneno.

Kwenye Momella Ndogo unaruhusiwa kupiga makasia, na kwa maoni yangu ndiyo burudani inayopuuzwa kuliko zote za hifadhi hii. Watu wanakwenda mbio kwenye gari kutafuta twiga, ambao wapo wengi tu hata barabarani, wakati mtumbwi unakusogeza karibu na nyati waliosimama ukingoni kwa namna ambayo gari haliwezi. Mwongozaji hukaa nyuma na kukupangia umbali, kwa sababu ziwani humo wamo viboko.

Maji yale yale, meno ya kahawia

Hapa habari ya mandhari inageuka kuwa habari ya nyumbani. Miamba ya Meru ina floridi nyingi. Kwa kawaida, maji yakiwa na kalsiamu ya kutosha, kalsiamu huikamata floridi na kuizuia isizidi. Maji ya magadi yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo floridi inabaki humo ikielea. Ongeza hapo kwamba kifusi ni mwamba uliosagika: maji hupita katikati ya vipande vingi badala ya kupita juu ya jiwe moja zima, na kila kipande kinatoa chake.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mto Ngarenanyuki, unaotokea upande huo uliomeguka, unazidi kiwango hicho mara kadhaa. Maji ya Chai hali ni hiyo hiyo. Matokeo yake kila mtu wa Arumeru anayajua: mtoto anaota meno ya utu uzima yakiwa na mistari ya kahawia, na penye floridi nyingi zaidi mifupa nayo inaathirika, miguu inapinda. Serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi hapo Ngurdoto, ambako njia iliyofanyiwa kazi sana ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floridi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu ina floridi nyingi kuliko ilivyoanza. Mtalii wa siku moja hana la kuhofia, kwa kuwa madhara haya ni ya miaka mingi, hasa ya utotoni. Lakini kama una watoto wadogo na unahamia upande huo, suala la maji uliulizie kabla ya kodi ya nyumba.

Upande wa mjini na Tengeru hali kwa jumla ni nafuu zaidi. Mteremko wa kusini unapata mvua nyingi, msitu unainywa na kuitoa taratibu, na mito kama Themi na Naura inapita katikati ya jiji ikitokea huko. Kahawa na migomba ya Wameru na Waarusha inategemea mvua hiyo na mifereji iliyochimbwa vizazi vingi. Ukizunguka magharibi hadi Oldonyo Sambu unakuta nchi kavu, kwa sababu mlima umeshazuia mawingu. Mlima mmoja, na mvua ya kila upande tofauti.

Kwa nini Momella na si Ilboru

Njia rasmi ya kupanda Meru ni moja, inaanzia geti la Momella, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Zamani watu walipanda kutoka magharibi na kusini, siku hizi hairuhusiwi. Wengi wanadhani ni urasimu. Urasimu haukosekani, lakini umbo la mlima lenyewe linaeleza mengi. Mgongo, yaani upande wa mjini, ni mteremko mkali unaopanda mfululizo bila pa kupumzikia. Upande uliomeguka, kwa ajabu, ndio wenye ngazi. Unaingia kupitia pengo, unapanda taratibu msituni hadi vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, halafu unashika ukingo wa kaskazini wa kwato hadi Saddle Hut, mita 3,570 hivi, kwenye tandiko kati ya Meru na Meru Ndogo. Kutoka hapo unafuata ukingo wenyewe ukizunguka mpaka kileleni. Wapandaji wanalala kwenye mabweni yenye vitanda vya ghorofa. Mahema kama ya njia ya Machame kule Kilimanjaro hayapo.

Siku ya kwanza ndiyo ya wanyama. Uwanda wa nyasi baada ya geti una nyati, ngiri, twiga na pundamilia, na mtu anaupita kwa miguu. Katika hifadhi nyingi nchini huruhusiwi kushuka kwenye gari popote unapotaka. Hapa kutembea ni sehemu ya mpango, kwa hiyo bunduki inakuja. Kilimanjaro njia zinazopandwa sana zinaanza moja kwa moja kwenye msitu mnene ambako nyati ni nadra. Meru unaanza katikati ya malisho yao. Simba hawapo katika hifadhi hii, na wageni wengi wakisikia hivyo wanapumua. Wangepumua kidogo tu, kwa sababu mnyama wa kuogopwa kwa anayetembea ni nyati dume mzee aliyejitenga na kundi, na tembo wa msitu wa juu, ambaye humwoni mpaka umemfikia.

Kazi ya askari si kupiga risasi. Kazi yake ni kusoma njia: kinyesi kibichi, majani yaliyovunjika, ndege waliolia na kunyamaza. Kikundi kinaenda kwa mstari, yeye mbele, mwongozaji nyuma. Nyati wakiwa karibu na njia, anainua mkono na wote wanasimama.

"Afande, wamelala hao?"

"Hawajalala, dada, wanatuangalia. Tusubiri waamue."

Na wanasubiriwa, hata kama ni dakika kumi na mvua inanyesha. Dume linanyanyua pua, linanusa, linageuka upande. Ndipo safari inaendelea. Mzungu aliyelipa dola na Mtanzania aliyelipa shilingi wanasimama mstari mmoja wakimngoja nyati.

Msituni kuna miti ya podo na mierezi, na juu zaidi miti inayoning'inia ndevu za kijani kwa unyevu wa ukungu. Mbega weusi kwa weupe wanaruka juu, kima wako chini zaidi, na hondohondo anapita akipiga mbawa kwa kelele kubwa. Upo mkuyu uliolifunika na kuliua dume la mti lililoubeba, sasa umebaki tao ambalo njia inapita chini yake. Wapiga picha wote wanasimama hapo, nami siwalaumu.

Ukingoni

Usiku wa kilele unaanza saa saba au saa nane usiku kutoka Saddle Hut. Unapanda hadi Rhino Point, halafu ndiyo unaingia kwenye ukingo. Hapa ndipo umbo la mlima linapoacha kuwa habari ya jiolojia na kuwa habari ya miguu yako. Kushoto ni ukuta, ule wa mita 1,500, na chini yake Ash Cone. Kulia ni mteremko wa mgongo, unaokwenda kushuka hadi Oldonyo Sambu. Njia inajibanza zaidi upande wa kulia, chini kidogo ya ukingo, ikipita kwenye majivu ambayo ukipiga hatua unarudi nusu yake, kisha kwenye mwamba unaohitaji mikono. Gizani huoni kushoto kuna nini. Wapo wanaosema ndiyo sababu hasa ya kupanda usiku, na utani huo una ukweli ndani yake, ingawa sababu rasmi ni kuwahi kabla mawingu hayajafunga na kuwa na mchana wa kutosha wa kushukia.

Jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, nyuma ya Kilimanjaro. Ukiwa kwenye ukingo ndipo unapouona mlima wote ulivyo: mkono mmoja wa kwato chini ya miguu yako, mkono wa pili ng'ambo, pengo katikati, maziwa ya Momella yaking'aa mbali chini, na ile nchi ya vilima iliyotoka hapa ulipokanyaga.

Kushuka ni shida nyingine. Anayechagua siku nne anashuka hadi Miriakamba na kulala. Anayechagua siku tatu anatoka kileleni hadi getini siku hiyo hiyo, mita 3,000 za kushuka. Waliozoea wanafanya. Kwa mtu wa ofisini Kaloleni au Njiro, akiba ya siku moja ataikuta kwenye magoti wiki nzima.

Kinachopungua si oksijeni kwa asilimia

Jambo hili linachanganywa mno. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na hewa ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Arusha, kwenye mita 1,400, mgandamizo ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani. Saddle Hut ni asilimia 65. Kileleni ni 57. Kila pumzi inaingiza hewa chache, na mwili unajibu kwa kupumua haraka, moyo kwenda mbio, na baada ya siku kadhaa damu yenyewe kubadilika.

Mwili unahitaji muda. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sasa tazama Meru: kutoka Miriakamba hadi Saddle Hut ni zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Sisemi mlima umepangwa vibaya, kwani vibanda vimewekwa pale ardhi ilipokubali. Nasema usiudharau kwa kuwa ni mfupi kuliko jirani yake. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya ugali ni kawaida. Kichwa kinachozidi ukiwa umepumzika, kutapika, kuyumba kama mlevi, kukohoa na kukosa pumzi ukiwa umekaa, dawa yake ni kushuka, hata saa nane usiku, na si kuomba ushujaa. Waongozaji wanalijua hilo. Wanaobishana nao mara nyingi ni vijana wenye nguvu, kwa sababu nguvu ya mazoezi haikuongezei uwezo wa kuzoea kimo.

Hapo ndipo Meru inapoingia kwenye biashara ya Kilimanjaro. Kampuni nyingi za Moshi na Arusha humshauri mgeni aanze na Meru, apumzike siku moja au mbili, ndipo akapande mita 5,895. Ni ushauri mzuri, mwili unakuwa umeshaanza kujirekebisha. Ila faida hiyo haina akiba. Ukikaa mjini wiki kadhaa inapotea, unaanza upya.

Ngurdoto: mahali pa kutazama tu

Kreta ya Ngurdoto iko upande wa kusini mashariki wa hifadhi, na watu huichanganya na pengo la Meru. Haihusiani na kile kifusi. Ni volkano nyingine, ndogo, iliyotulia zamani, ukuta wake umezunguka pande zote bila kumegeka, upana wake kilometa tatu hivi. Sakafuni kuna kinamasi na nyasi, na nyati wanaonekana kutoka juu wakiwa wadogo kama kunguni. Barabara inazunguka sehemu ya ukingo, vituo vya kutazamia vipo, na kushuka ndani hakuruhusiwi.

Katazo hilo linawaudhi wengi. Umesafiri, umelipa, unaona bonde zuri hapo chini, na Ngorongoro magari yanashuka. Lakini hapa ndipo hifadhi ilipoanzia. Ilitangazwa 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa 1967 ndipo ikaitwa Arusha. Sakafu ya kreta imeachwa iwe ya wanyama peke yao. Mimi nalitetea katazo. Hifadhi hii ni ndogo, imebanwa na mashamba karibu pande zote, jiji linapanda mlima kila mwaka, na tembo akitoka kidogo tu ameingia kwenye mahindi ya mtu. Mahali pamoja ambapo gari haliingii si hasara.

Na nchi inayoizunguka hifadhi haikuwa tupu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alifika New York kuieleza kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee wa huko wanaposikia neno mpaka, hawafikirii ramani ya watalii. Anayezungumzia uhifadhi upande ule bila kulijua hilo atashangaa kwa nini kikao kimekuwa kigumu.

Lini, na kwa pesa gani

Viingilio hubadilika, kwa hiyo viulizie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Arusha. Cha kujua ni kwamba kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni, na getini hawapokei pesa taslimu. Gharama kubwa kwa Mtanzania ni gari. Hapo ndipo watu watano au sita wanapochanga wakakodi Noah au gari kubwa zaidi kwa siku. Asiye na hata hiyo apande gari la abiria la Ngarenanyuki, kwani barabara yake inakatiza hifadhini. Twiga utawaona dirishani kwa nauli ya kawaida, ila ukitaka kushuka njiani kupiga picha kondakta atakukatalia, na atakuwa na haki.

Kwa kupanda, miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na ina baridi, Desemba mwishoni hadi Februari kuna joto zaidi na anga mara nyingi liko wazi asubuhi. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wapo maziwani kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi, kwa hiyo mpenda ndege na mpanda mlima hawana msimu mmoja. Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni ni tope na ukingo unaweza kuwa na barafu asubuhi. Vibanda vinakuwa vitupu na huhitaji kugombania kitanda. Ukienda Aprili, beba mabuti, nguo mbili za ziada ndani ya mfuko wa nailoni, na usimlaumu mwongozaji ukifika kileleni ukaona wingu tu.